Mstari wa Kumi

Mwanangu Mumbua,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa leo asubuhi ukiwa umekunywa uji vikombe viwili, ukaenda Masii kumuaga susu, bibi yako, na jioni utarudi umebeba kuku amefungwa miguu, kwa sababu susu hawezi kukuacha urudi mikono mitupu. Kwa hivyo salamu naziruka. Niko jikoni, mbaazi ziko motoni, na nina kama saa tatu kabla hujaingia hapo mlangoni.

Utashangaa kwa nini namwandikia mtu tunayelala naye nyumba moja. Ni kwa sababu mambo haya nikiyasema kwa mdomo nitayapitisha mbio. Najijua. Nitasema nusu, halafu nitakuuliza kama umeweka sweta. Habari ya sweta, sahani na kufuli ya sanduku nimekwambia tangu juzi, mpaka ukanijibu "Mama, nimesikia," kwa ile sauti yako. Hayo yamekwisha.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika kule kwa ngumbaru, tuliposoma sisi watu wazima na wewe ukiwa darasa la nne. Kikamba nakisema tangu nizaliwe lakini kwenye karatasi kinanikimbia. Ukiona nimekosea mahali, usitie wino mwekundu. Bado hujawa mwalimu.

Jambo lenyewe ni hili. Kesho saa nne bwana wa ushirika anakuja ukumbi wa kanisa kukiona kikundi chetu kwa macho yake, kabla fomu za kuandikisha chama hazijapelekwa kwa kamishna wa ushirika. Tunahitaji watu kumi na tuko tisa. Mama Kioko, mwenyekiti wetu, alikuomba wewe uwe wa kumi. Ulikubali hapo hapo, ukacheka, ukasema utatia sahihi halafu ukimbilie basi stejini na kalamu ikiwa bado mkononi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na ndoo ya maji kichwani. Sikusema neno.

Sasa nasema. Jina lako nimelifuta kwenye fomu. Mama Kioko hajui bado. Kesho usije ukumbini. Sababu nitakupa, ila ni ndefu kidogo, maana inaanzia wakati ukiwa darasa la tano.

Wewe umekua ukituona na majembe yetu, kwa hivyo mwethya hauhitaji kuelezwa kwako. Leo tunachimba mitaro kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, mpaka mashamba yote yameshika maji. Lakini kuna kitu kimoja ambacho labda hukukiangalia. Mwethya hauiti mtu, unaita nyumba. Nikiwa mgonjwa, akija shangazi yako na jembe langu, inahesabiwa kwamba nimekuja. Nikiwa na safari, jirani yangu akichimba kipande chake na changu, hakuna wa kuuliza Kalekye yuko wapi. Mkono ni mkono. Tumeishi hivyo na hakuna aliyedhulumika, na hata leo siwezi kusema ni vibaya.

Kutoka kwa mitaro ndiyo tukaanza kuweka akiba na kukopeshana, halafu tukanunua ile ploti pale sokoni, tujenge ghala tusiuze ndengu wakati bei imelala. Tulikuwa na cheti cha kikundi, kile ulikuwa unakiona kwenye fremu nyumbani kwa Mama Kioko, karibu na picha ya harusi. Tulikiamini sana. Tulipoenda kuandikisha ploti tukaambiwa cheti hicho kinasema tu kwamba tunajulikana. Hakiwezi kushika ardhi. Ardhi inataka mtu. Basi tukaiandika kwa jina la mzee wa Mama Kioko, kwa sababu alikuwa mtu mpole na alikuwa na viatu vya kuendea ofisini.

Hapo ndipo bwana wa ushirika wa kwanza akaanza kuja. Kijana mwembamba, kila mara na shati la mikono mirefu hata jua likichoma. Akatuketisha akasema, "Nyinyi hapa bado ni watu waliokusanyika tu. Chama cha akiba kikiandikishwa na kamishna, kinakuwa mtu mbele ya sheria. Kina jina lake na mhuri wake. Kinaweza kumiliki ploti, kinaweza kushtaki, kinaweza kushtakiwa. Na nyinyi mkifa wote, chenyewe hakifi."

Mama Kioko akamwuliza, "Huyo mtu hafi?"

"Hafi, mama."

"Na chakula anakula?"

"Hali."

"Na kupiga kelele usiku akitoka kwa pombe?"

"Hapana, mama."

"Kijana, huyo ndiye mume nilikuwa nataka. Leta fomu."

Tulicheka mpaka yule kijana akafungua kifungo cha shingoni. Lakini fomu hazikuwa jambo la kicheko. Alitueleza kwamba wanaoomba wasipungue kumi. Kila mmoja awe ametimiza miaka kumi na minane, awe anafanya ile kazi ambayo chama kimeundwa kwa ajili ya watu wake, na awe anaishi ndani ya eneo la chama, au awe na shamba ndani yake. Tuandike sheria ndogo zetu wenyewe: nani anaingia, nani anatoka, nani anachaguliwa, mkutano mkuu ni lini, anayeshindwa kurudisha mkopo afanywe nini. Nakala nne, na ziwe kwa Kiingereza.

"Kwa nini Kiingereza," nikauliza, "na chama ni cha Wakamba?"

"Sheria ndivyo inavyosema, mama."

"Basi sheria ituletee na mtu wa kusoma."

Hakukasirika. Alikaa na sisi alasiri tatu, akisoma kifungu kimoja kwa Kiingereza na kukirudia kwa Kikamba, pole pole, mpaka mtu wa mwisho atikise kichwa. Pale penye kupiga kura ndipo tulipogombana naye. Mmoja wetu alitaka kujua kama akiwa kitandani mke wa mwanawe anaweza kumpigia kura. Akasema hapana. "Hata kama anajua ninachotaka?" Akasema hata kama. Tukaangaliana. Tukasema huyu hajaoa, hajui kwamba nyumba ni kitu kimoja.

Siku ya kutia sahihi tulikuwa tisa. Wa kumi, Nthenya, alikuwa ameenda Kithyoko kumwuguza mama yake. Yule kijana alikuwa ametuachia fomu aje kuichukua kesho yake. Tukangoja mpaka jua likainama. Mama Kioko akasema, "Nthenya hayuko. Ni nani wa upande wake?" Nikasema ni mimi. Ilikuwa kweli. Mashamba yetu yamepakana, jembe lake nimelishika mara ngapi, na langu amelishika mara ngapi. Nikachukua kalamu, nikaandika jina lake kwenye mstari wa kumi. Nilikuwa hata na furaha kidogo, mwanangu, kwa sababu mwaka mmoja tu nyuma nilikuwa nimeshasahau hata kuandika jina langu, na sasa nilikuwa naandika la mwenzangu.

Baada ya wiki kadhaa yule kijana akarudi, akatuita mmoja mmoja kwa orodha na vitambulisho vyetu. Nthenya alikuwa amesharudi. Alipofika kwake akamwonyesha karatasi.

"Hii sahihi ni yako?"

Nthenya akaiangalia. Unajua Nthenya alifika darasa la saba, mwandiko wake umelala vizuri kama nywele zilizochanwa. Yangu pale ilikuwa kama kuku amepita.

"Hapana," akasema. "Mimi sikutia."

Kijana akatugeukia. "Ni nani aliandika?"

Wote walikuwa wameniona nikiandika. Ningesema "ni mimi" wakati ule, labda angetugombeza, angetupa fomu nyingine, tungeandika upya siku hiyo hiyo na Nthenya amekaa pale pale. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi nikiwa shambani. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Lakini niliona aibu. Niliona watu wakisema huyu wa ngumbaru amejifunza kuandika na cha kwanza ameandika uongo. Kwa hivyo nikasema:

"Alitia mwenyewe kabla hajaenda Kithyoko. Labda amesahau."

Nthenya alinigeukia. Aliniangalia tu, vile mtu anavyoangalia ng'ombe wake akiwa kwa shamba la mtu mwingine, kama hajaamini kwamba ni yule. Kijana akampa karatasi tupu aandike jina lake, akaliweka kando ya lile langu. Hakuhitaji kusoma sana. Akafunga faili, akasema, "Akina mama, mkiwa tayari mtanitafuta." Hakuwa mkali hata hapo. Hatukumtafuta.

Nilidhani wenzangu watanirukia. Walimrukia Nthenya. Walimngoja pale nje.

"Ungepungukiwa na nini kusema ndiyo?"

"Si ni wewe ulitaka chama zaidi yetu?"

"Ama ni bwanako amekukataza?"

Akasema, "Kalekye anajua." Wakanigeukia, nikafunga leso yangu vizuri nikasema twende nyumbani, jua limezama.

Baada ya hapo hadithi ikatembea yenyewe. Ikawa Nthenya alitia sahihi halafu akaogopa bwana yake akaikana, akavunja chama. Wakampa jina. Walimwita Mama Sikutia. Kwa kisima, kwa soko, hata ndani ya kanisa mtu akiulizwa kama ametoa sadaka, mwingine anasema "sikutia" na benchi lote linatetemeka kwa kicheko. Wewe ulikuwa mdogo. Siku moja ulikuwa unaruka kamba na wenzako pale njiani, akapita na kuni, mkaimba jina hilo. Nilikuwa nyuma ya ua nikikusikia. Mtoto akimtukana mtu mzima mimi huwa nashika fimbo, wewe unajua. Siku ile niliendelea kuanika nguo.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko lile la kalamu. Nilikufundisha uongo wangu bila kuusema, nikautia mdomoni mwako.

Mvua iliyofuata ilikuwa kubwa, mtaro wake wa juu ukapasuka, udongo ukashuka mpaka kwa njia. Kwa desturi tungeenda wote asubuhi ile ile. Hakuna aliyeita mwethya. Alichimba mwenyewe siku kumi na moja. Shamba langu liko juu ya lake, na maji yaliyopasua mtaro wake yalitoka kwangu. Niliona kila siku ameanza wapi na ameishia wapi. Siku ya tano nilichukua jembe nikafika kwenye mpaka. Akainua kichwa, akasema, "Umekuja kunichimbia, ama kuniandikia?" Nikarudi.

Nikuambie na jambo lingine ambalo sijawahi kukuambia, ingawa umeniuliza mara nyingi kwa nini niliacha shule darasa la nne. Huwa nasema karo. Mwalimu wetu alikuja nyumbani siku moja, akamwuliza babu yako, "Kalekye hajaja shule wiki mbili, kuna nini?" Mimi nilikuwa nimekaa pale pale natwanga mahindi ya muthokoi. Baba akasema, "Kalekye amechoka na shule. Amesema hataki." Sikuwa nimesema. Mwalimu alingoja kidogo, akaniangalia, na mimi nikaendelea kutwanga, kwa sababu mtu mkubwa alikuwa amesema ninachotaka. Mwalimu akaondoka. Baba hakuwa mtu mbaya. Nafikiri alijua kweli kwamba yeye na mimi ni kitu kimoja, kama mimi nilivyojua kuhusu Nthenya.

Kwa miaka mingi nilidhani ile sheria ya ushirika inatushuku. Kitambulisho, nakala, sahihi ya mwenyewe, kura ya mwenyewe. Nilisema serikali haijui watu kuaminiana. Siku hizi nafikiri vingine, hata kama siwezi kulieleza vizuri. Ile karatasi ilikuwa imefika mpaka hapa kijijini, imepita kwa chifu, imempita bwana wa Nthenya na mama mkwe wake, ikamwuliza Nthenya peke yake: wewe unataka? Sidhani kuna mtu mwingine aliyekuwa amemwuliza hivyo kabla ya siku hiyo. Na mimi ndiye nikajibu.

Haya, nirudi kwa kesho.

Unajua mzee wa Mama Kioko amekuwa mgonjwa wa kulala. Wale vijana wa nduguye wameonekana pale kwa ploti wakipima kwa kamba. Mama Kioko amelia mbele yetu, na wewe unamjua Mama Kioko, si mtu wa machozi. Mzee akifunga macho kabla chama hakijaandikishwa, ploti itakuwa ni urithi wa ukoo na sisi tutakuwa akina mama waliokuwa wakipita hapo. Ghala lenyewe limefika kwenye linta, juu ya milango. Ndiyo maana tumerudi kwa ushirika. Huyu wa sasa ni mtu mzima, ana miwani, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba faili letu la zamani liko na amelisoma.

Tumetafuta wa kumi kila mahali. Wengine wamehama, wengine wako kwa vyama vingine. Wake wa vijana tumewaomba, mmoja akatuambia wazi, na heshima zote, "Mama, hicho ni chama cha kutiliana sahihi, mimi naogopa." Basi Mama Kioko akakuona wewe. Una kitambulisho, umeshika kazi ya ndengu zangu tangu upandaji mpaka kupura, unajulikana. Yeye haoni kosa. Anasema, "Mumbua si wa hapa? Kitovu chake hakiko hapa?"

Kiko. Lakini bwana wa ushirika hataulizia kitovu. Atauliza, "Huyu anaishi hapa?" na wewe utakuwa na sanduku lako nje ya mlango. Atauliza kama kazi yako ni ukulima na biashara ndogo, na kesho kutwa utakuwa chuoni upande wa kule kwenye mashamba ya chai ukifunzwa ualimu. Atauliza kama una shamba ndani ya eneo. Hili la babako limeandikwa jina la babako mpaka leo na yeye ameshafariki, na siku likigawanywa tunajua wanagawanya kwa nani. Hilo ni jambo lingine, na nina maneno nalo, lakini si ya leo. Mtu atahitajika kujibu maswali hayo matatu. Wewe utaniangalia mimi. Nitajibu mimi. Nitasema ndiyo, anaishi, na ndiyo, ni mkulima, mbele ya mtu ambaye amesoma lile faili.

Wewe ungetia sahihi kwa moyo safi, hilo najua. Ungetia kwa sababu mama yako alisimama pale na ndoo akanyamaza. Ndivyo mambo haya yanavyokwenda kila mara, mwanangu. Nimeyafanya na nimefanyiwa, na sijaona mara moja mtu akiwa ameshikwa mkono kwa nguvu.

Kwa hivyo jana nilienda kwa Nthenya.

Nilimkuta anapepeta ndengu uani. Hakuniambia karibu, hakuniambia toka. Nikakaa kwenye jiwe. Nikamwambia tunaandikisha chama tena na tumekosa mmoja.

"Si mniandike tu," akasema. "Mnajua kuandika jina langu."

"Nimekuja kukuuliza."

"Miaka minane, Kalekye. Umetembea pole pole sana. Na shamba ni hapa chini tu."

Nikasema ni kweli. Akaendelea kupepeta. Maganda yalikuwa yananiangukia kwenye leso, na nafikiri alikuwa anayaelekeza. Nikamwambia yote, vile nimekuandikia hapa, na la watoto njiani pia. La watoto alikuwa analikumbuka. Alisema, "Binti yako ana sauti nzuri." Hakucheka.

Halafu akaweka uteo chini. "Unataka sahihi. Mimi nataka kitu. Usimame kesho kutwa mbele ya hao wenzako na huyo bwana wa ofisi, useme ni nani aliandika. Usiseme 'tulikosea.' Mimi simjui mtu anaitwa Tulikosea. Sema jina."

"Na nikisema, utakuja?"

"Sema kwanza. Kuja kwangu ni mambo yangu."

Nikasema sawa. Nikaamka, nikapangusa maganda. Nilikuwa nimeshafika kwenye mkonge wa mpaka aliponiita.

"Kitambulisho wanataka nakala ngapi siku hizi?"

"Moja."

"Sijasema nakuja," akasema. "Nimeuliza tu."

Sasa unajua kila kitu ninachokijua mimi. Kesho saa nne nitasimama. Sijui kama bwana wa ofisi akisikia atafunga faili kama yule wa kwanza. Sijui Mama Kioko atasema nini akiona jina lako limefutwa, na mzee wake ndani akihema vile. Anaweza kunichukia na atakuwa na haki. Tunaweza kupoteza ploti. Nimelifikiria hilo pia, nisikudanganye kwamba ni jambo dogo. Nimebeba mawe ya ule msingi kwa mgongo huu.

Na basi lako ni saa nne na nusu, kwa hivyo sitakuwa stejini. Mjomba wako atabeba sanduku. Nilitaka sana kukuona ukipanda. Nilikuwa nimeshafua ile leso ya manjano ya kupungia. Usitazame dirishani kunitafuta, utanikosa na utadhani nimeumwa. Nitakuwa nimesimama mbele ya benchi, naongea, ama nimeshamaliza kuongea.

Huko unakoenda watu watakujibia. Watafanya hivyo kwa upendo, wengine, na kwa haraka, wengine. Mwalimu, rafiki, siku moja mume. Hata mimi nikija kukutembelea nitajaribu, ndiyo mazoea yangu. Ukisikia mtu anasema "Mumbua anataka hivi," ngoja kidogo, ujiulize kama ulisema. Kama hukusema, huna haja ya kugombana. Nthenya alisema neno moja tu, na sauti haikuwa ya juu. Lilimgharimu sana, sitakuficha. Lakini nimeishi karibu naye miaka hii minane, shamba kwa shamba, na kati yetu wawili si yeye aliyekuwa anazunguka njia ndefu kwenda kisimani.

Na ukiwa mwalimu, ukienda nyumbani kwa mtu kuuliza habari ya mtoto, na baba akajibu, ngoja zaidi ya vile yule alivyongoja. Hilo nakuomba.

Usidhani nimekutoa kwenye chama kabisa. Kuna karatasi nyingine ambayo kila mwanachama anajaza, ya kuandika mtu atakayepewa sehemu yake akifa. Hiyo haiulizi anaishi wapi wala ana shamba kwa nani. Juu kabisa nimeandika Mumbua, jina lako lote, kwa herufi kubwa, nikakuandika peke yako. Wajomba wakiuliza, waambie mama aliulizwa yeye.

Mbaazi zimeiva, nasikia harufu inabadilika. Barua hii naiweka juu ya sanduku, ndani ya kile kitabu chako cha mazoezi, uione asubuhi kabla ya kufunga kufuli. Jioni ya leo tutakula huyo kuku wa susu, utaniambia habari za Masii, na mimi nitakuuliza habari ya sweta. Vumilia tu.

Fomu ninayo hapa mezani. Kuanzia wa kwanza mpaka wa tisa mistari imejaa, wangu ni wa tatu, umekwenda upande kidogo lakini unasomeka. Wa kumi una alama ya pale nilipokufuta, na juu yake nimeacha nafasi ya kutosha mwandiko mzuri.

Ni mimi mama yako. Nimeandika hapa chini kwa mkono wangu, na kesho nikiulizwa nitasema ni wangu.

Kalekye